UFUNGUO WA HAKI USIWE MFUKONI MWA MSHITAKIWA

Wazee wetu walitwambia: kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Maneno haya hayakuwekwa kwa ajili ya kuchekesha watoto barazani. Yaliwekwa ili kumtahadharisha kila mwenye akili kwamba hukumu haiwi hukumu, wala ushahidi hauwi ushahidi, ikiwa mwenye kuushika ni yule yule anayelalamikiwa. Lau wazee wale wangelifufuka leo, wakaona jinsi mtu aliyejeruhiwa kwa mkono wa dola anavyotafuta haki yake katika visiwa hivi, wangelisema kuwa methali yao tumeisoma kichwa chini miguu juu.

Tunawaandikia raia wote wa Unguja na Pemba: walio katika chama chetu, walio katika chama kinachotawala, na wasiokuwa na chama. Rungu haliulizi kadi. Lililompata jirani yako leo kwa sababu ya siasa laweza kukupata wewe kesho kwa sababu ya baiskeli bila taa.

Na tuanze na jambo ambalo kila mtu amelishuhudia. Mtu akigongwa na gari njiani, sheria imemtengezea njia ya kupita. Askari wa barabarani hufika, akapima, akachora, akaandika namba ya gari na majina ya mashahidi. Majeruhi hupewa fomu ya polisi, ile ijulikanayo na wote kwa jina la PF3. Huenda nayo hospitali, na daktari akaijaza yale aliyoyaona mwilini mwake. Gari lina bima kwa amri ya sheria. Hatusemi njia hiyo haina miba. Miba inayo, na wengi wamechomwa. Lakini ni njia, na sababu ya kuwa njia ni moja tu: anayeandika siye aliyegonga.

Sasa geuza jambo hilo. Tuseme mtu huyo huyo amevunjwa mkono si na gari, bali na kitako cha bunduki ya askari. Fomu anayotakiwa kwenda kuiomba ni ile ile. Kituo ni kile kile. Anayekaa nyuma ya kaunta ni mwenziwe aliyemvunja mkono, na pengine ni yeye mwenyewe. Aende akamwambie nini? “Bwana askari, naomba karatasi ya kuthibitisha kwamba umenivunja mkono”? Aliyegongwa na gari, polisi ni shahidi wake. Aliyepigwa na polisi, shahidi wake ni nani?

Basi matokeo yake ni haya. Mwenye busara ya kuogopa haendi kituoni. Na kwa kuwa hana fomu, aogopa hata hospitali, maana huko nako ataulizwa, “Fomu iko wapi?” Hurudi nyumbani, akafungwa vipande vya miti na mganga wa viungo, akakandwa na mama yake usiku kucha. Mkono ukipona umepona kombo. Siku atakapopata ujasiri wa kudai haki yake, ataambiwa alete ushahidi wa daktari. Hanao. Hakuna fomu, basi hakuna jeraha. Hakuna jeraha, basi hakuna aliyejeruhi. Jambo zima limefutika, na aliyelifuta ni yule yule aliyelitenda.

Kama kuna anayedhani kuwa tunatia chumvi, na atazame historia yetu ya karibu. Tarehe 27 Januari 2001 haihitaji kuelezwa kwa watu wa Pemba, lakini tunaieleza kwa ajili ya waliozaliwa baadaye, ambao leo ni wapiga kura. Chama cha CUF kiliitisha maandamano kupinga uchaguzi wa Oktoba 2000 na kutaka urejewe. Serikali iliyapiga marufuku. Askari wakawafyatulia watu risasi Wete, Micheweni, Chake Chake na kwengineko. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, nchini Kenya, na nchi iliyosifika duniani kwa kupokea wakimbizi ikawa imetoa wakimbizi wake wenyewe.

Ukafuata Muafaka wa tarehe 10 Oktoba 2001, na baada yake serikali ikaunda tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Tume hiyo ilihesabu waliokufa 31. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2002, lilisema waliouawa hawapungui 35 na waliojeruhiwa wanapindukia 600. Hatutagombana juu ya 31 na 35. Roho moja ingelitosha kutunyima usingizi. Twataka msomaji aangalie jambo jengine. Taarifa hiyo hiyo ilieleza kwamba majeruhi waliokwenda kutafuta matibabu walizuiwa, wakapigwa, na wengine wakatiwa mbaroni. Yaani pahala pa kufungiwa kidonda paligeuzwa mtego wa kumnasia mwenye kidonda.

Maiti ana kaburi, na kaburi humshuhudilia hata miaka mia. Majeruhi hana kaburi. Majeruhi asiyekuwa na karatasi hana hata pa kuonyesha. Ndiyo maana, katika kila msukosuko uliotupitia, waliokufa huhesabiwa, lakini waliovunjwa, waliopofuka na waliobaki vilema hupotea kama mvua iliyonyesha baharini. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari, na haki nayo ni vivyo hivyo.

Huenda pakatokea mtu akasema kwamba haya ni makosa ya askari wachache wakali, wala si jambo lililopangwa katika sheria. Laiti ingelikuwa hivyo! Tunamwomba afuatane nasi katika vitabu vya sheria, aone kwamba ufunguo umekuwa ukiwekwa mfukoni mwa mshitakiwa mara baada ya mara.

Katika Uingereza ya zamani ilisemwa kwamba Mfalme hawezi kukosea, na hivyo raia aliyedhuriwa na watumishi wa Mfalme hakuweza kuishitaki serikali kwa madhara hayo kama anavyomshitaki mtu mwengine. Waingereza wenyewe waliivunja kanuni hiyo mwaka 1947. Lakini Tanzania Bara, mwaka 1967, miaka sita baada ya kuteremshwa bendera ya mkoloni, ilitunga sheria ya mashauri dhidi ya serikali iliyomtaka raia apate kwanza idhini ya Waziri kabla ya kuishitaki serikali. Hebu lipime jambo hili! Mtu amekupiga, nawe wataka kumshitaki, kisha waambiwa umwombe ruhusa yeye mwenyewe. Sheria hiyo ilikaa zaidi ya miaka 25. Iliangushwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ambapo majaji walisema kuwa masharti hayo yanakwenda kinyume na Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likaiondoa idhini na kuweka mahali pake notisi ya siku 90.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba ufunguo ule haukurejeshwa kwa hiari. Ulitolewa mfukoni kwa nguvu ya hoja, na walioutoa ni raia waliokwenda mahkamani. Hilo ni fundisho la kwanza.

Fundisho la pili ni kwamba ufunguo uliotolewa mfuko wa kulia huweza kutiwa mfuko wa kushoto. Tanzania iliikubali Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, katika ardhi yetu wenyewe, na ikatoa tamko la kuwaruhusu raia na jumuiya kwenda huko moja kwa moja. Raia wakaenda, wengi kuliko wa nchi nyengine yoyote. Badala ya serikali kujiuliza kwa nini watu wake wanailalamikia hivyo, mwezi wa Novemba 2019 iliondoa tamko lile, na baada ya mwaka mmoja mlango ukafungwa. Mwenyeji anatandika mkeka ukumbini ili majaji wa Afrika nzima wakae, kisha anawakataza watoto wake wasiupige hodi mlango wa ukumbi huo!

Na mwaka 2020 Bunge likaibadilisha sheria ya mwaka 1994 ya kutekeleza haki za msingi. Anayefungua shauri akatakiwa aape na kueleza ni kwa namna gani yeye binafsi ameathirika. Kwa maneno mepesi: aliyevunjwa mkono, ambaye ndiye mwenye hofu kuliko watu wote, aende peke yake, jumuiya iliyokuwa ikimsemea ikae kimya. Sheria kama hii haimkatazi mtu haki yake kwa mdomo, bali humwacha peke yake gizani, ikangoja achoke.

Kuna watakaotwambia: “Hata mngelikuwa na karatasi zote za ulimwengu, nani amewahi kuishinda dola?” Jibu halikai mbali. Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ya Kenya iliwatesa watu vizuizini. Mwaka 2009 wazee watano walifungua daawa mjini London kuishitaki serikali ya Uingereza. Serikali hiyo ilisema kwanza kwamba dhima yote ilihamia kwa Kenya siku ya uhuru. Hoja ilipokataliwa, ikasema kwamba muda umepita mno. Lakini katika mwaka 2011 yaligunduliwa majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, nchini Uingereza, ambamo maofisa wenyewe walikuwa wameandika mambo yao. Oktoba 2012 jaji alihukumu kwamba wazee watatu waliobaki katika shauri hilo waweza kusikilizwa kwa haki, kwa kuwa maandishi yapo ya kutosha. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Nchi za Nje, William Hague, alisimama Bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake, na wazee 5,228 wakakubaliwa fidia, jumla pamoja na gharama za kesi ikiwa pauni milioni 19.9.

Wakaja wengine nyuma yao, zaidi ya 40,000, na shauri lao kubwa likatupwa mwaka 2018. Je, hawakuteswa? Hakimu hakuwa na haja ya kulijibu swali hilo kwa wote. Miaka ilikuwa imepita mno, mashahidi wamekufa, na kuhusu mtu mmoja mmoja maandishi hayakupatikana ya kutosha. Majeraha ya makundi haya mawili yalitoka katika vita vile vile na kwa dola ile ile. Lakini kundi moja lilishuhudiliwa na karatasi, tena karatasi za adui. Jengine lilikuwa na kumbukumbu za moyoni, na kumbukumbu za moyoni, japo ni za kweli, mahkama haizioni.

Basi tusidanganyane. Hatuwezi kungojea miaka 50 ili wajukuu wetu wakafukue majalada. Wala hatuna hakika kwamba wanaotupiga leo wanaandika kwa uaminifu kama walivyoandika wakoloni. Itatubidi tuandike wenyewe, na tuandike leo.

Kila mtu na ajue yafuatayo, na amsomee asiyejua kusoma. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inakataza mtu kuteswa na kudhalilishwa, wala haikusema isipokuwa mfuasi wa upinzani. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda uhai na uhuru wa mtu. Aliyekamatwa bila ya waranti ana haki ya kuambiwa sababu, na sheria yataka afikishwe mahkamani ndani ya saa 24. Isipowezekana, na kosa likiwa si zito, aachiwe kwa dhamana. Kukamatwa si kuhukumiwa, na kituo cha polisi si mahkama.

Aliyejeruhiwa na aende hospitali siku ile ile, pamoja na watu wawili au watatu. Amweleze daktari jinsi alivyoumia, bila ya kupunguza wala kuongeza, kwani uongo mdogo huua ukweli mkubwa. Atunze cheti, risiti ya dawa na picha ya eksirei. Apigwe picha za majeraha kila upande, na nguo zenye damu zisifuliwe. Andikeni siku, saa, pahala, namba ya gari, namba ya askari ikionekana, na majina ya walioona. Akinyimwa fomu kituoni, aandike pia kwamba amenyimwa, saa ngapi na na nani, kwani kunyimwa huko nako ni ushahidi.

Na ahesabu siku, kwa sababu kalenda nayo iko upande wa mwenye nguvu. Kwa sheria ya Bara ya mwaka 1971, madai ya kawaida ya madhara yana miaka mitatu. Lakini fidia kwa jambo linalodaiwa kutendwa kwa kutekeleza sheria, na hilo ndilo neno wanalolipenda askari, ina mwaka mmoja tu. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo iko Arusha na ambayo raia wa kawaida aweza kuifikia, hutaka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili. Asiyekuwa na wakili na aende kwa wasaidizi wa sheria, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoasisiwa mwaka 1992. Asikae nyumbani akasema, “Namwachia Mungu.” Mungu hakutukataza kuandika, katika Kitabu chake ametuamrisha tuliandike deni. Na hili ni deni.

Sasa twaigeukia serikali. Itatujibu, kama kawaida yake, kwamba Polisi ni jambo la Muungano, na kwamba Zanzibar mikono yake imefungwa. Ni kweli kwamba Polisi imo katika orodha ya mambo ya Muungano. Lakini hospitali si jambo la Muungano. Daktari wa Mnazi Mmoja, wa Wete na wa Chake Chake ni mtumishi wa Serikali ya Zanzibar. Mahkama Kuu ya Zanzibar si ya Muungano. Sheria yetu ya ushahidi ya mwaka 2016 ilipitishwa na Baraza la Wawakilishi, wala si na Bunge la Dodoma. Mkono uliofungwa ni mmoja. Wa pili uko wazi, na umetiwa mfukoni kwa hiari.

Kwa hiyo twataka mambo haya, na twayataka kwa sauti isiyotetemeka:

Kwanza, Baraza la Wawakilishi lipitishe sheria kwamba majeruhi yeyote atatibiwa kabla ya kuulizwa fomu yoyote, na kwamba cheti cha daktari aliyemwona kitakuwa na nguvu mbele ya mahkama sawa sawa na fomu ya polisi. Hili halihitaji ruhusa ya Dodoma.

Pili, kila hospitali iwe na daftari la majeruhi wanaosema kuwa wamedhuriwa na vyombo vya dola, na nakala ya maandishi yake apewe majeruhi mwenyewe siku hiyo hiyo.

Tatu, malalamiko dhidi ya askari yasichunguzwe na askari. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, iliunda mamlaka ya kiraia ya kuwasimamia polisi. Haikuponya maradhi yote ya nchi ile, lakini majeruhi wa Kenya ana mlango wa kugonga ambao nyuma yake hayupo aliyempiga.

Nne, tamko lililoondolewa mwaka 2019 lirejeshwe, ili jumuiya ziweze kuwasemea wenye hofu.

Watatuuliza: fedha za fidia zitatoka wapi, ila katika kodi za wananchi? Twajibu: kweli, zitatoka huko. Risasi nazo zilitoka huko, na hatukuulizwa. Serikali inayoona fidia ni ghali na isijeruhi. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, na haihitaji bajeti.

Hatusemi kwamba kila askari ni dhalimu. Wamo miongoni mwao watoto wetu, watu waungwana, wanaoona haya kwa yanayotendwa na wenzao. Utaratibu tunaoutaka ni ngao kwao vile vile, kwa sababu pasipokuwa na daftari, mwema na muovu huvaa sare moja, na lawama ya mmoja huwa ya wote.

Idhini ya Waziri ilikaa zaidi ya miaka 25, na ikaanguka kwa sababu raia waliipinga mahkamani. Yaliyobaki nayo yataanguka. Lakini hayataangushwa na manung'uniko ya barazani; yataangushwa na karatasi iliyoandikwa vizuri, ikatunzwa vizuri, ikapelekwa kwa wakati wake. Kila tawi la chama na lichague watu wawili wenye mwandiko mzuri na roho ngumu, lifungue daftari, na lianze kuandika. Na lianze na majeruhi wa Januari 2001 walio hai bado, kabla hawajatutangulia na ushahidi wao. Tuwaendee majumbani, tuwasikilize, tuandike neno kwa neno, nao watie saini au dole gumba.

Haki iko hai. Ni ufunguo tu uko mfukoni mwa asiyestahiki kuushika.